Jino Lililosingiziwa: Historia ya Dawa za Kumlaza Mtoto Anayeota Meno

Kaeni vizuri, kila mtu na daftari lake, na aliye mbali na redio asogee karibu. Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za kitu kidogo kuliko punje ya hindi, yaani jino la mtoto mchanga. Tutasoma pia habari za dawa ambazo watu wamempa mtoto huyo ili alale usiku.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Je, jambo hili nalo lina historia?" Naam, lina historia ndefu, tena ya kusikitisha. Wamo ndani yake watoto walioumia na watoto waliokufa, na kilichowaua hakikuwa jino. Kilichowaua ni dawa ya jino.

1. JINO LENYEWE

Kwa kawaida mtoto huanza kuota meno akiwa na umri wa miezi sita hivi. Wengine huanza mapema, na wengine huchelewa hata karibu ya mwaka mmoja. Mara nyingi meno mawili ya mbele ya chini ndiyo yanayotangulia. Mtoto akifika miaka mitatu hivi huwa na meno 20. Hayo ndiyo meno ya utotoni.

Jino linapopanda, ufizi huwasha na kuvimba kidogo. Mtoto hutokwa na udenda, hutia vidole kinywani, hutafuna kila anachokishika, na usiku huamkaamka akilia. Mama hapati usingizi, na baba hapati usingizi. Kesho yake kazi inawangoja. Hapo ndipo wazazi wa kila nchi, tangu zamani, walipotafuta kitu cha kumnyamazisha mtoto.

Andikeni neno hili katika madaftari yenu: kunyamaza. Tutalirudia baadaye.

2. MAMBO YA KALE

Nchi ya Misri imehifadhi maandishi ya dawa yaliyoandikwa juu ya mafunjo miaka 3,500 hivi iliyopita. Wataalamu huyaita Mafunjo ya Ebers. Ndani yake imo dawa ya mtoto anayelia mno. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa mmea ambao wataalamu wengi wanaona kuwa ni mmea wa afyuni, ukachanganywa na uchafu wa nzi uliokwanguliwa ukutani.

Afyuni ni nini? Ni utomvu wa mmea fulani. Kwa Kiswahili tunaiita pia kasumba. Huondoa maumivu, hulewesha, huleta usingizi. Ikizidi, humfanya mtu apumue polepole, kisha polepole zaidi, mpaka pumzi inakatika. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kumzidi.

Baada ya Wamisri walikuja Wayunani. Mganga wao mashuhuri aliitwa Hippocrates, naye alizaliwa karibu miaka 460 kabla ya Kristo. Katika vitabu vilivyobeba jina lake imeandikwa kwamba mtoto anayeota meno hupata mwasho wa ufizi, homa, degedege na kuhara. Watu waliyaamini maneno hayo kwa zaidi ya miaka 2,000.

Sasa tufikiri pamoja. Mtoto wa miezi sita anaota meno. Mtoto huyo huyo wa miezi sita anaharisha. Mambo mawili yametokea wakati mmoja. Je, la kwanza ndilo lililoleta la pili? Wazee wetu walisema: jogoo akiwika asiwike, kutakucha. Jogoo huwika alfajiri, na jua huchomoza alfajiri, lakini jogoo hakulileta jua. Vivyo hivyo jino na kuhara.

3. WAKATI WA KISU

Katika miaka ya 1500 aliishi Ufaransa daktari wa kupasua aliyeitwa Ambroise Paré. Alikuwa mtu hodari, naye aliwatibu wafalme wanne. Siku moja aliitwa kumtazama mtoto wa miezi minane wa mkuu wa Nevers, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Paré aliupasua ufizi wa maiti, akaona meno yako tayari kutoka. Akasema kwamba ufizi ulikuwa mgumu mno, meno yakashindwa kupita, na kwamba kama ungalikatwa mapema mtoto angalipona.

Fikirini vizuri. Ukimpasua ufizi mtoto ye yote wa miezi minane, utayaona meno ndani. Meno yako pale kwa watoto wote, wazima na wagonjwa. Lakini madaktari wengi walimfuata Paré. Kwa muda wa miaka 300 hivi walikata fizi za watoto kwa kisu kidogo. Katika miaka ya 1800 daktari mmoja mashuhuri wa Uingereza, Marshall Hall, alifundisha kwamba ni afadhali kukata mara nyingi bila sababu kuliko kukosa kukata mara moja tu. Visu vya siku zile havikuchemshwa, na maarifa ya vijidudu yalikuwa bado. Kidonda kilichofunguliwa kwa kisu kichafu ni mlango wa maradhi.

Katika hesabu za serikali ya Uingereza jino liliandikwa kuwa sababu ya kifo. Mwaka 1842, katika kila watoto 100 waliokufa mjini London kabla ya kutimiza mwaka mmoja, karibu 5 waliandikwa kwamba wameuawa na kuota meno. Hao walikufa kweli, lakini waliuawa na maradhi mengine ambayo hayakutafutwa. Jino lilisingiziwa, na mwuaji wa kweli akaachwa aendelee na kazi yake.

4. WAKATI WA CHUPA

Wakati huo huo viwanda vilienea Uingereza. Akina mama maskini walifanya kazi kiwandani mchana kutwa. Mtoto aliachwa kwa kikongwe aliyelea watoto wa watu wengi kwa ujira mdogo. Mtoto akilia, alipewa kijiko cha dawa iliyoitwa Godfrey's Cordial. Ilikuwa tamu, kwa sababu ilitiwa asali nyeusi ya miwa. Na ndani ya utamu huo ilikuwamo afyuni.

Mtoto alilala. Jioni mama alirudi akamkuta kimya, akashukuru. Lakini mtoto anayelala kwa afyuni hasikii njaa, na asiyesikia njaa hanyonyi. Kwa hiyo wengi walikonda siku hata siku, wakafa bila kelele. Tusiwacheke akina mama hao wala tusiwalaumu. Walikuwa wamechoka, walikuwa maskini, na hakuna aliyewaambia kilichokuwa ndani ya chupa.

Huko Marekani, katika mji wa Bangor, Maine, dawa nyingine ilianza kuuzwa mwaka 1849. Iliitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yaani dawa ya kutuliza ya Bibi Winslow. Ilitangazwa kwa picha nzuri za mama na mtoto, ikasifiwa kuwa ndiyo dawa ya watoto wanaoota meno. Ndani yake ilikuwamo mofini, ambayo ni dawa kali itokayo katika afyuni. Iliuzwa ng'ambo pia.

Sasa sikilizeni jambo linalowahusu ninyi hasa mnaojifunza kusoma. Mwaka 1906 serikali ya Marekani ilitunga sheria. Kila mwenye dawa yenye afyuni, mofini au pombe alilazimishwa kuandika jambo hilo juu ya chupa. Sheria haikukataza kuiuza. Ilisema tu: andika. Lakini neno hilo moja lilitosha kuwashtua wazazi wengi. Mama aliyejua kusoma aliweza kuona "mofini", akairudisha chupa dukani. Mama asiyejua kusoma aliona picha ya mtoto anayecheka, akanunua. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kiliitaja dawa hiyo katika orodha ya dawa zilizowaua watoto.

Mnaona, basi, kwamba kusoma si pambo. Wako watoto waliookolewa na neno moja lililoandikwa juu ya chupa, na mzazi aliyeweza kulisoma.

5. UNGA MWEUPE

Baada ya afyuni kuogopwa, ulibaki unga mweupe wa meno. Unga huo uliuzwa katika vikaratasi vidogo, Uingereza, Australia na penginepo. Wengi wa unga huo ulikuwa na kalomeli, ambayo imetengenezwa kwa zebaki. Na zebaki ni sumu.

Wakati huo huo ulionekana ugonjwa wa ajabu. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa myekundu na kuambuka ngozi. Alitokwa na jasho, alichukia mwanga, hakulala usiku wala mchana. Wengine waling'oka meno. Ulipewa jina la ugonjwa wa waridi, kwa sababu ya rangi ile ya mikono. Katika Uingereza na Wales peke yake, kati ya mwaka 1939 na 1948, watoto zaidi ya 500 walikufa kwa ugonjwa huo.

Mwaka 1945 daktari Josef Warkany na msaidizi wake Donald Hubbard, wa mji wa Cincinnati huko Marekani, walianza kupima mikojo ya watoto wenye ugonjwa huo. Wakaikuta zebaki. Mwaka 1948 walitangaza habari hizo. Wengi hawakusadiki mara moja. Lakini baada ya mwaka 1954 viwanda vya Uingereza viliacha kutia zebaki katika unga wa meno, na ugonjwa ukatoweka.

Tazameni jambo hili. Unga ulionunuliwa ili mtoto alale ulimnyima usingizi. Unga ulionunuliwa kwa ajili ya meno uliyang'oa meno.

6. KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Lugha yetu yenyewe ina neno kigego. Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini aliitwa hivyo, na watu walimwogopa kama mleta nuksi. Mahali pengine watoto wa namna hiyo walitupwa au kuuawa. Leo tunajua kwamba kuanza na meno ya juu hakuna dhara lo lote. Ni tofauti tu, kama mtu kutumia mkono wa kushoto.

Yako na mambo ya karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania habari ya "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita "meno ya nailoni". Katika Uganda mambo ya namna hiyo yaliandikwa na wataalamu tangu mwaka 1969. Mtoto akipata homa, akiharisha au akitapika, watu walitazama ufizi wake mahali pa chonge, wakaona uvimbe mweupe. Walisema, "Haya ndiyo meno mabaya." Mtoto alipelekwa kwa mtu aliyemchimba ufizi kwa kisu, kwa msumari au kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi.

Kisha mama alionyeshwa kitu cheupe, laini, kama plastiki. Mama akasadiki. Lakini kitu kile kilikuwa nini? Kilikuwa chipukizi la chonge la mtoto mwenyewe. Kilikuwa laini kwa sababu kilikuwa hakijakomaa, kama vile hindi changa lilivyo laini. Mtoto aliondolewa jino lake zima, na pengine jino la ukubwani lililo chini yake likaharibiwa pia. Wako waliotokwa na damu nyingi, walioingiwa na pepopunda, na waliokufa. Na ile homa iliyompeleka kule ilikuwa ya malaria au ya ugonjwa mwingine, nayo haikutibiwa.

Mnaliona kosa? Ni lile lile la Ufaransa. Jino lilisingiziwa, kisu kikachukuliwa, na maradhi ya kweli yakaachwa.

Mwisho, kumbukeni Nigeria. Mwaka 1986 ni mbali, lakini mwaka 2008 si mbali. Katika mwaka huo wa 2008 dawa ya maji ya watoto wanaoota meno iliuzwa madukani huko ikiwa imeingia sumu. Sumu hiyo huitwa daiethilini glaikoli, nayo ni kemikali ya viwandani. Haikuandikwa juu ya chupa, maana haikutakiwa kuwamo. Figo za watoto ziliacha kufanya kazi. Serikali ilitangaza vifo 84. Kwa hiyo kusoma chupa ni lazima, lakini hakutoshi. Tujiulize kwanza kama mtoto anaihitaji dawa yenyewe.

7. ELIMU YA LEO INASEMAJE?

Mwaka 2000 madaktari wa Cleveland, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Wazazi wa watoto zaidi ya 100 walipima joto la mtoto kila siku na kuandika hali yake, tangu miezi minne mpaka mwaka mmoja. Ilionekana kwamba jino huleta udenda, kutafuna, hasira, kuamkaamka, na joto la mwili kupanda kidogo tu. Mambo hayo huonekana kwa siku nane hivi: siku nne kabla ya jino kutoka, siku lenyewe linapotoka, na siku tatu baadaye. Jino halikuleta homa kali wala kuhara.

Mbona basi watoto wa umri huo huugua sana? Kwa sababu kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Anaanza kula vyakula vingine. Anatambaa, anaokota, anatia kinywani. Maji machafu na vyombo vichafu ndivyo vinavyomharisha, na mbu ndiye anayemletea malaria.

8. USIKU WA LEO UFANYE NINI?

Nawa mikono kwa sabuni. Msugue mtoto ufizi taratibu kwa kidole safi, dakika moja au mbili. Au mpe kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi yaliyochemshwa, akitafune nawe ukiwa unamwangalia. Mpanguse udenda kidevuni na shingoni, kwa maana ngozi ikikaa na majimaji huwasha, na mtoto huamka. Mnyonyeshe anapotaka.

Kila usiku fuata desturi moja: kumwosha, kumnyonyesha, kumbembeleza kwa sauti ya chini, kuzima taa. Mlaze chali, ndani ya chandarua. Akiamka, mtulize kwanza kwa mkono na kwa sauti kabla ya kumwinua. Baba na mama wapokezane, ili mmoja asichoke peke yake. Na mkumbuke kwamba jino moja halisumbui mwezi mzima. Ni siku chache.

Akiumia sana, mwulize mganga wa zahanati juu ya parasetamoli. Atapima uzito wa mtoto na kukuambia kiasi. Usimpe aspirini. Usimpake pombe ufizini. Usimpe asali kabla hajatimiza mwaka mmoja. Usimpake dawa ya ganzi yenye benzokaini. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilionya kwamba inaweza kuizuia damu ya mtoto isibebe hewa vizuri. Usimvike ushanga shingoni wakati wa kulala, maana waweza kumnyonga.

Na mtoto akiwa na homa kali, akiharisha, akitapika, akikataa kunyonya, akipata degedege, au akilegea na kulala kuliko kawaida yake, usiseme, "Ni meno." Mpeleke zahanati usiku huo huo.

Sasa turudi kwenye neno tuliloandika mwanzoni. Kunyamaza. Mtoto wa Misri alinyamaza. Mtoto wa kiwanda cha Uingereza alinyamaza. Mzazi alitaka mtoto apone, naye aliuziwa kimya. Ndugu wanafunzi, kilio cha mtoto anayeota meno ni kibaya masikioni, lakini ni sauti ya mtoto mwenye nguvu. Kaa naye. Jino litatoka.

MANENO YA KUJIFUNZA

Afyuni au kasumba: utomvu wa mmea, huleta usingizi na ulevi.
Zebaki: madini ya majimaji yanayong'aa, ni sumu.
Chonge: jino lenye ncha lililo kando ya meno ya mbele.
Kusingizia: kumtwika mtu au kitu kosa ambalo si lake.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto aliyepewa afyuni alikonda?
2. Sheria ya mwaka 1906 iliamuru nini? Ilimfaa nani, na nani haikumfaa?
3. Kile kitu cheupe kilichoitwa "jino la plastiki" kilikuwa nini hasa?
4. Taja dalili nne ambazo usizisingizie meno.
5. Tafuta chupa moja ya dawa nyumbani kwako. Soma maneno yaliyoandikwa juu yake, uyanakili katika daftari, kisha umwulize mganga maana ya neno usilolijua.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.